Spana Namba Kumi

Jumatatu, 4 Juni 1979
Cheo cha mkuu wa maabara ya kiwanda kiko wazi. Bwana Shikanga, meneja wetu, ametangaza kwamba Ijumaa mimi na Zeituni wa Mumias tutapima sukari safi mbele yake. Mashine lazima isome mia. Atakayepata mia, cheo ni chake. Nimempelekea Mama ujumbe Shinyalu kwamba nimeshakipata. Kuna ubaya gani kutangulia siku nne?

Jumanne, 5 Juni
Mashine yetu huchuja mwanga ubaki na mwelekeo mmoja. Sukari huupinda, nasi tunasoma umepindika kiasi gani. Tatizo ni mrija wa juisi ya miwa: vioo vya ncha zake hulegea, mwanga unakwenda kombo. Zeituni hukaza vifuniko kwa vidole viwili. Vidole viwili! Nimeazima spana namba kumi. Sasa kila kitu kimenyooka. Ikasoma tisini na saba.

Jumatano, 6 Juni
Zeituni amenishauri nilegeze. Ati kioo kikibanwa nacho huupinda mwanga, hata kikikaa wima. Namjua huyo, anataka nianguke. Nimekaza zaidi. Tisini na nne. Nimekata tamaa kabisa. Mama naye amejibu: kwaya nzima imealikwa Jumapili, ingokho wawili, kuku wa sherehe, wamefungwa miguu tayari.

Alhamisi, 7 Juni
Kumbe kosa ni la sukari. Nimeongeza kijiko na ushee. Mia kamili!

Ijumaa, 8 Juni
Bwana Shikanga alikuja na sukari aliyoipima mwenyewe. Zeituni: vidole viwili, mia. Mimi: tisini na tatu. Nikakaza kidogo tu. Kioo kikapasuka, maji ya sukari yakamwagikia shati la meneja. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alisema tu, "Andati, wewe unakazanga hii kitu kama gurudumu ya trakta." Zeituni ndiye mkuu. Mimi nitaosha mirija.

Jumapili, 10 Juni
Kwaya ilimaliza ingokho wote wawili ndipo nikasema ukweli. Wakaaga mmoja mmoja. Mama alikusanya sahani polepole, akaniambia nikaze moyo. Nimelia nyuma ya jiko, na sioni haya kuandika.

Ila maneno ya meneja yamenikaa kichwani. Magurudumu ya trakta hayalegei kamwe. Karakana wana spana namba ishirini na nne. Kesho naiazima.