Kuhusu Kuvunjwa kwa Jenasi ya Mama Mkwe

Ndugu Wajumbe wa Kamati ya Uainishaji wa Bakteria,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, tena mmeshakunywa chai, maana sipendi kuwalaumu watu wenye njaa.

Mimi ni mpima maji. Miaka kumi na mmoja iliyopita niligundua bakteria wa majini asiyefanana na mwenzake yeyote, nanyi mkakubali awe na jenasi yake, yaani ukoo wake mwenyewe. Niliupa jina la mama mkwe. Kabla ya hapo alikuwa amenikatalia binti yake mara tatu. Alipoona jina lake kwenye jarida, alinikaribisha ndani na kuniambia nivue viatu. Ukurasa ule ameutia fremu, uko sebuleni juu ya televisheni, na mimi naishi katika nyumba hiyo.

Sasa mnasema jenasi hiyo imefutwa na bakteria wangu wamehamishiwa jenasi ya jirani. Nalalamika hivi:

1. Hamkuita kikao. Kwetu hata kochi halisogezwi kabla mama mkwe hajaulizwa. Ninyi mmehamisha ukoo mzima kwa barua pepe ya mistari minne.

2. Mnasema mmesoma vinasaba. Vinasaba visomwe kwa adabu, ndugu zangu. Tukifuata vinasaba peke yake, shemeji yangu mdogo itabidi ahamie kwa fundi seremala wa mtaa wa pili.

3. Bakteria wangu ana kikonyo. Hujishikiza kwenye ukuta wa chupa, habanduki, na chakula humfuata alipo. Mama mkwe ni hivyo hivyo na kiti chake. Hao mliompeleka kwao wana mikia na wanazurura kutwa. Mtoto wa watu ataharibika.

4. Nina chupa mia mbili na sita, zote nimeziandika lebo zenye jina hilo kwa mkono wangu.

5. Basi naomba mrudishe jenasi. Ikishindikana, mama mkwe naye ahamishwe rasmi, kwa cheti chenye muhuri, awafuate wanawe. Hilo nalo likishindikana, mmoja wenu aje kuiondoa fremu ukutani. Mimi naogopa, nasema wazi.

Nisalimieni wote hapo ofisini, dada wa mapokezi, na hata huyo aliyesoma vinasaba. Mjumbe hauawi.

Wenu mtiifu,
Mpima maji, ambaye bado ni mkwe

Baada ya sahihi: Nilimpa mama mkwe barua hii aikague, kwa kuwa ni mwalimu mstaafu. Kifungu cha pili alikisoma mara mbili, akavua miwani. Kisha akauliza jambo ambalo miaka yote hakuwahi kuuliza: viumbe hao niliwatoa wapi. Nikamwambia ukweli, kwamba ni kwenye utelezi wa chini ya tangi lake la maji ya kunywa, siku ile ya posa ya tatu aliponiacha nisubiri uani. Akakisukuma mbali kikombe chake cha chai. "Waandikie," akasema, "wafute upesi." Fremu ameiondoa mwenyewe, na amenikataza kuiandika barua upya. Kwa hiyo nafuta malalamiko yote na kuwapongeza kwa busara yenu. Anauliza pia kama Kamati yenu inahamisha na wakwe.