Mvua Chini ya Wastani

Jumatatu, 4 Machi
Mwanangu kapiga simu kutoka ofisi ya hali ya hewa. Ofisi! Ana kiti kinachozunguka. Kasema msimu huu huku nyanda za juu mvua itakuwa chini ya wastani. Nilifungulia spika ili wifi yangu asikie ng'ambo ya ua, hivyo mengine yalinipita, nilikuwa namtazama yeye. La msingi nimelishika.

Jumanne, 5 Machi
Nimewaza. Wastani ni katikati, mwalimu alitufundisha. Na katikati ya kilima chetu ni pale kwenye jiwe kubwa. Shamba langu liko juu ya jiwe. La wifi liko chini, kando ya kijito. Mvua itanyesha chini ya jiwe! Maskini wifi. Kakalia dhahabu, na hana mtoto ofisini wa kumwambia.

Jumatano, 6 Machi
Nimemwendea na sura ya huruma. Nikamwambia si haki yeye kubanana kijitoni wakati kaka yake, marehemu mume wangu, alichimba matuta kule juu mpaka mgongo ukapinda. Tubadilishane msimu huu, undugu ni kufaana. Kakubali sijamaliza! Kaniuliza tu kama nina hakika. Nikamjibu, wifi yangu, mwanangu ndiye anayeipangia mvua ratiba. Akainama kufunga kiatu, mabega yakimtikisika. Shukrani hiyo.

Jumamosi, 9 Machi
Bwana shamba kaja na pikipiki yake na mdomo wake. Kanikuta nafukia mahindi, yale marefu, mbegu zote nilizokuwa nazo. Ghalani pamebaki pa panya kutelezea. Kasema mwaka huu ni mtama, mahindi yataniacha mimi na watoto na njaa. Nikamuuliza kasomea wapi. Kaondoka bila kuaga. Wifi kapanda mtama kule juu, nasikia. Chakula cha ndege!

Alhamisi, 11 Aprili
Jua. Mahindi yamejikunja majani kama sigara. Mtama wa wifi hauna haya, umesimama tu. Nimempigia mwanangu kumuuliza mvua yangu ataituma lini. Akauliza kijitoni nafanya nini. Nikamweleza hesabu yangu. Akaniomba niirudie, nikadhani mtandao unakatika. Kisha akasema, Mama, wastani si mahali. Eti ni kipimo cha mvua ya miaka mingi, na chini yake maana yake ni mvua haba. Na siku hizi hata hiyo haba yaweza kumwagika yote kwa mkupuo, basi nitoke kando ya kijito. Nikamwambia asinifundishe kilima nilichomzalia.

Jumapili, 28 Aprili
Imenyesha. Yote. Alasiri moja! Kijito kimevunja kingo, kimebeba mahindi, kimebeba na udongo, kimeniachia mawe na kandambili ya mtu nisiyemjua. Kule juu matuta ya mume wangu yameyakamata maji vilevile alivyokusudia. Yamemkamatia dada yake. Nililia. Wifi alipopita nikasema ni moshi. Moshi gani, na kuni zote zimeloa? Hakuuliza. Hapo ndipo paliponiuma.

Jumatatu, 29 Aprili
Wadogo zake mwanangu wamelala na chai ya rangi. Yeye kapiga simu, kasema hata bondeni si afadhali, mpunga umezama. Huku kumekauka, kule kumefurika, jembe ni lilelile, jasho lilelile, na mavuno ya kujaza kofia. Unga utapanda bei. Nikamuuliza kama bosi wake amemsifu.

Ijumaa, 3 Mei
Mwanangu katuma kwa basi mfuko wa mbegu za mtama wa muda mfupi. Kaniomba kwa simu: Mama, panda hizi, mvua za mwisho zitazitosha, ni chakula cha wadogo zangu. Mtoto ana adabu huyu! Nimeutembeza mfuko nyumba zote. Lakini kuupanda? Mama wa mtaalamu, mtama? Nimempa wifi, naye kanipa mahindi ya mbegu. Kaniuliza taratibu kama nimeshauriana na mwanangu kwanza. Nikamjibu, nimsumbue kazini kwa jambo dogo? Kesho nafukia, palepale kijitoni. Udongo uliobaki bado mbichi. Na kijito kimeshakula, kimeshiba, kitarudi kutafuta nini?