Sekunde Saba za Nyekundu

Jumatatu, 12 Mei

Siku kubwa! Kampuni imeniachia makutano ya Gikondo, hapa Kigali, wiki nzima nijaribu mpango wangu wa taa. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya Mutesi. Atakayefanya vizuri ndiye mkuu mpya wa kitengo cha taa. Yaani mimi.

Siri ya mpango wangu: kabla upande wowote haujapewa kijani, pande zote nne zinakaa nyekundu kwa sekunde saba. Ni kwa ajili ya wale wanaopenya taa ikishakuwa nyekundu. Wapite kwanza, wamalize ujinga wao, ndipo wengine waruhusiwe. Mutesi kaweka mbili tu. Maskini. Kakulia hapa hapa mjini, Kanombe, ameona nini? Mimi nimekulia Dar es Salaam. Madereva nawajua!

Jumanne, 13 Mei

Ajabu. Tangu saa kumi na mbili asubuhi nimesimama kando ya makutano na hakuna aliyepenya. Hata mmoja! Taa ikiwa nyekundu, wanasimama. Wote. Magari ya pande nne yanatazamana kimya sekunde saba nzima, kama wakwe siku ya posa. Foleni imefika mpaka kwenye gereji ya mtaa wa pili. Mama mmoja alishusha kioo, akaniuliza kwa upole kama taa zimekufa. Nikamwambia huo ni usalama, mama. Akashukuru, ila akasema amechelewa kazini.

Mutesi alipita akanipa pole. Pole ya nini? Nikamwambia wana adabu kwa sababu wanaona kizibao changu cha kazi. Kesho nitajificha.

Jumatano, 14 Mei

Nimejificha nyuma ya lori bovu kwa muda wa saa tisa nzima. Waliopenya: sifuri. Nimenyeshewa na mvua.

Bosi wetu, Madamu Gahongayire, kanipigia simu. Malalamiko yamemfikia. Anasema ripoti ya kamera ya wiki hii lazima ionyeshe hao wapenyaji niliowatengea sekunde saba, la sivyo kitengo ni cha Mutesi. Sawa! Wapenyaji wanatakiwa? Watapatikana.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemwendea Audace, motari, yaani dereva wa bodaboda, wa mtaani kwetu Kinyinya. Nikamweleza ni kwa ajili ya sayansi: apenye mara moja tu, taratibu, kamera imwone. Alicheka mpaka akavua helmeti. Akasema Sofia (ndivyo wanavyoiita kamera ya barabarani hapa) haijui sayansi, inajua namba ya pikipiki.

Nikamgeukia binamu yangu Umutoni, mwenye gari. Akaniuliza kama nimekunywa. Nilipozidi kumbembeleza akasema atamwambia mama yangu.

Jamani! Mji mzima hauna jasiri hata mmoja. Basi nitapenya mwenyewe.

Ijumaa, 16 Mei

Mambo yamekwenda vizuri sana, isipokuwa kidogo.

Saa nne asubuhi nimefika kwenye makutano na Corolla yangu. Taa ikawa nyekundu. Mguu ukagoma! Miaka sita ya Kigali imeniingia mwilini bila idhini yangu. Nikajihimiza kwa sauti: Frederick, twende! Wapi. Nikajipa ujasiri kwa kuhesabu. Moja, mbili, mpaka saba. Hapo ndipo mguu ukakubali.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi, hilo niliseme wazi. Ila sekunde ya nane upande wa pili ulikuwa umeshapata kijani. Lori la saruji lilifunga breki mbele ya pua yangu. Dereva wala hakutukana. Alinipungia mkono nipite, kisha akanionyesha Sofia kwa kidole, kwa huruma. Nimekwenda mpaka ofisini kwa mwendo wa konokono.

Lakini nina mpenyaji!

Jumatatu, 19 Mei

Kikao. Madamu Gahongayire akaisoma ripoti kwa sauti. Wiki nzima, magari elfu arobaini na ushee, aliyepenya ni mmoja. Akasoma namba ya gari. Akaisoma tena. Kisha akavua miwani na kuniuliza kama gari hilo si lile lililoegeshwa pale chini. Mutesi aliinamia daftari lake, mabega yakimtikisika.

Mutesi ndiye mkuu wa kitengo. Kesho makutano ya Gikondo yanawekewa mpango wake. Imeniuma, sikatai. Nimekaa kwenye ngazi nikalia kidogo.

Halafu nikafuta uso, nikaisoma ile ripoti upya, kwa utulivu, kama mtaalamu. Wapenyaji wapo. Imeandikwa, na mhuri umepigwa! Na huyo aliyepenya alipita sekunde ya nane, akaponea chupuchupu. Maana yake ni nini? Saba hazikutosha!

Mkuu mpya ataikuta barua yangu mezani asubuhi. Naomba kumi na mbili.