Mwalimu Mkuu wa Meza ya Jikoni

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu Lorna ameondoka asubuhi kwenda Arkansas. Dada yake amejifungua mapacha. Mimi nimebaki hapa Missouri na watoto wanne, mbuzi wawili na masomo ya wiki nzima. Nilijitakia mwenyewe! Juzi kanisani, mdomo umejaa keki, nilitangaza kwamba kufundisha watoto nyumbani ni kazi ya kukaa. Lorna alinitazama tu. Leo nimeelewa alichokuwa anatazama.

Kabla ya kuwasha gari alinivuta pembeni. Jemima wetu ana miaka tisa na bado hajui kusoma. Ijumaa familia zote zinazofundisha nyumbani zinakutana kanisani kwa shindano la Biblia, la watoto kutafuta mstari upesi na kuusoma kwa sauti. Jemima asiposoma hata mstari mmoja, wiki ijayo Lorna anampeleka shule ya mjini, apande basi la njano. Alisema huenda kosa ni lake, hajui kufundisha. Machozi yakamtoka. Nikamwambia asijali, kila kitu aniachie mimi. Akalia zaidi.

Masomo yalianza baada ya pankeki. Tabitha, binti yangu mkubwa, alileta hesabu yenye herufi nyingi kuliko namba. Nikamwambia aombe kwanza. Gideon, anayemfuata, alitaka kujua mbuzi ana matumbo mangapi. Ezra, kitinda mimba wetu wa miaka minne, alikuwa amevua suruali. Jemima alikuwa chini ya meza na paka. Mchana nilijificha kwenye banda la mbuzi. Mbuzi hawaulizi maswali.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata mpango! Tabitha amfundishe Gideon. Gideon amfundishe Jemima. Jemima amfundishe Ezra. Mimi nasimamia. Na usimamizi mzuri hufanywa kwa mbali kidogo. Bwawani, kwa mfano. Na ndoana.

Tabitha akauliza yeye atafundishwa na nani. Nikasema Roho Mtakatifu. Akasema sawa, jioni atamweleza mama hivyo hivyo kwenye simu. Nimempa kipande changu cha pai.

Jemima naye akauliza atamfundishaje mtu kusoma wakati yeye mwenyewe hajui. Nikamwambia aangalie picha na kujifanya anasoma, kama ninavyofanya mimi kwenye mikutano ya mashemasi. Ezra ana kitabu kimoja tu anachokitaka duniani, cha tingatinga linalozama kwenye matope. Anakijua chote kwa moyo, Lorna amemsomea tangu azaliwe. Kila Jemima alipobuni maneno yake, Ezra alimchapa kofi mkononi akipiga kelele, "Siyo hivyo! Rudia!" Kelele hizo zilifika mpaka bwawani. Zimenifukuzia samaki.

Na ni nani alipita barabarani? Ndugu Thurman Oakes, jirani yetu. Ana watoto wanane, mashati ya rangi moja, wanaojipanga kwa urefu na kukariri zaburi hata wakiwa na mafua. Akasimamisha gari na kushusha kioo. "Ndugu Orval! Leo unawafundisha samaki?"

Nikasema nakusanya vielelezo vya somo la biolojia. Akauliza wanafunzi wako wapi. Nikasema wako kwenye mazoezi ya kujitegemea. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Nampenda katika Kristo. Katika mengine, simpendi.

Jumatano, 6 Machi

Leo Mungu amenifungulia mlango. Mlango wa jiko la kanisa, kusema kweli.

Nilikwenda kupanga viti kwa ibada ya jioni. Dada Verlene, mke wa mchungaji, ndiye anayeongoza shindano. Alikuwa jikoni akisafisha birika la kahawa na kujizoeza kutangaza mistari kwa sauti yake ya Ijumaa. Watoto wa umri wa Jemima wanapewa Nahumu! Kitabu ambacho hata mchungaji hukitafuta kwa jasho. Nikapanga viti vile vile mara mbili ili nisikie sura na mstari.

Nyumbani nikakata karatasi nyekundu ya peremende, nikaipachika kwenye Biblia ya Jemima, pale pale penye Nahumu. Nikamweleza: wakitangaza, fungua penye wekundu, piga hatua mbele, sema mstari nitakaokukaririsha. Kazi imekwisha.

Akauliza kama huo si uongo. Nikasema ni akili, kama Yakobo alivyotumia akili kwa baba yake. Akasema Yakobo baada ya hapo alikimbia nyumbani. Sijui nani anamfundisha mtoto huyu Biblia.

Kisha akauliza polepole, "Baba, kwani wewe huamini kwamba nitaweza?"

Iliniuma. Iliniuma sana. Nikamwambia Ezra anamwita. Kweli alikuwa anamwita, na lile tingatinga likazama upya.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Gideon ameingiza mbuzi sebuleni ili ayasikilize matumbo yake. Lorna alipiga simu wakati huo huo. Nikasema kila kitu kiko shwari. Mbuzi akalia. Nikasema ni Ezra.

Jemima amekataa kukariri. Nimeahidi aiskrimu. Amekataa. Nimeahidi aiskrimu mbili. Akasema nampotezea muda, ana mwanafunzi. Basi tumaini lote limebaki kwenye ile karatasi, afungue upesi na Mungu amalizie.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika hata kabla ya kuvua koti.

Watoto walisimama mstari mmoja, wamekumbatia Biblia ambazo hazijafunguliwa. Jemima alikuwa kando ya Keziah, binti wa Ndugu Thurman. Dada Verlene akatangaza Nahumu, sura na mstari. Biblia zikafunguka. Jemima akafungua, akatazama. Hakuna wekundu!

Nikamtazama Ezra aliyekuwa mapajani mwangu. Alikuwa anatafuna kitu chekundu. Akaniambia hiyo ni tiketi ya tingatinga.

Nililiona basi la njano likisimama mlangoni petu. Niliona uso wa Lorna. Niliomba sala isiyo na kichwa wala miguu, nikaahidi hata kuacha kuvua.

Keziah akawa wa kwanza kupiga hatua mbele, akasoma kama redio. Makofi. Imekwisha, nikasema moyoni. Lakini Jemima alikuwa bado anafunua kurasa, moja moja, midomo inacheza. Kisha naye akapiga hatua. Akasema, "Na mimi nimekipata. Naomba nisome mstari unaofuata."

Unaofuata! Huo hata mimi siujui!

Akaweka kidole chini ya neno. Akasoma. Akakosea, akasema mwenyewe, "Siyo hivyo," akarudia. Neno kwa neno mpaka mwisho. Kanisa zima likalipuka makofi, na Ezra ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote. Nililia waziwazi. Ndugu Thurman akanipa leso yake, akauliza kama ni mafua. Macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu.

Ndani ya gari nikamuuliza Jemima ilikuwaje. Akasema kwa mama anaogopa kukosea, kwa sababu mama analia. Ezra halii, anachapa tu.

Ah, nimepumua! Nimepumua kama mtu aliyevuliwa buti lililombana. Bwana asifiwe.

Jumamosi, 9 Machi

Lorna amerudi. Jemima alimsomea kitabu cha tingatinga pale pale mlangoni, mizigo ikiwa bado chini. Lorna akakaa kwenye kizingiti akamkumbatia, akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Basi la njano halitajwi tena humu ndani.

Akaniuliza nilifanyaje. Nikamweleza mfumo wangu kwa kirefu: mnyororo wa walimu, usimamizi wa mbali, uhuru wa mwanafunzi. Tabitha akakohoa. Kumbe watoto walishamweleza yote, bwawa, karatasi nyekundu, mbuzi sebuleni. Lorna akanibusu hata hivyo. Akasema nisirudie.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Ni kazi ya kukaa. Jioni Ndugu Thurman alipita, akasema mkewe na Lorna wanatamani kwenda mapumziko ya akina mama wiki ijayo. Nikamwambia awalete wanane wake hapa kwangu. Mnyororo ni ule ule, umerefuka tu. Kuhusu ile ahadi ya kuacha kuvua, sikutaja tarehe.

Nimeshanunua ndoana mpya.