Uji Uliosagwa Kabla ya Kuliwa

Jumatano, 11 Oktoba. Jua.
Tumbo limeniaibisha! Leo mazoezini niliruka kupiga mpira wa vinyoya, nikabeua. Ukumbi mzima ukasikia. Tak, mwenzangu wa klabu, akauliza nani kaja na ngoma. Jumapili tunapambana mimi na yeye, na mshindi ndiye atakayeiwakilisha klabu mashindanoni kisiwani Jeju. Nina miaka hamsini na sita, sijawahi kuwakilisha chochote. Jeju nitakwenda mimi!

Alhamisi, 12. Mawingu.
Nimepata dawa. Unga wa vimeng'enya vya wanamichezo! Unasaga wali na nyama tumboni, mtu anabaki mwepesi. Boksi linasema pakiti moja kwa siku, baada ya kula. Hiyo ni ya watu wa kawaida. Nimemeza sita.

Jioni. Mazoezini sikwenda. Nilikuwa chooni. Mke wangu, Mal-sun, aliuliza nyuma ya mlango kama nimehamia humo. Dawa ina nguvu kweli.

Ijumaa, 13. Mvua.
Mwalimu Guk wa klabu kapiga marufuku nyama ya nguruwe kabla ya mechi. Jumapili wote tutakula uji wa mchele. Wazee wakanuna. Kwetu ukisema mtu "kapika uji", maana yake kavurunda, na siku ya mashindano hakuna anayeugusa. Mwalimu akasema hayo ni mambo ya bibi zetu. Mpishi ni Mal-sun. Uji wake mzito, kijiko kinasimama chenyewe. Anajivunia uji huo kuliko anavyojivunia mimi.

Nimepata wazo! Unga wote uingie kwenye sufuria. Tumbo langu limeshauzoea, la Tak bado. Atashinda chooni. Na wengine je? Ukumbini vyoo viko vinne.

Jumapili, 15. Jua kali.
Mal-sun alipokuwa anaoga, uji ukiwa vuguvugu, nikatia pakiti ishirini na nne. Nikafunika.

Ukumbini akafunua sufuria mbele ya watu wote. Maji! Kijiko kikazama. Dawa ilikuwa imeusaga uji kabla ya tumbo la mtu yeyote. Halafu ikaibuka pakiti tupu, inaelea. Mal-sun akaitazama, akanitazama. Akasema polepole, "Baba Du-ri." Basi.

Tak akauchota kwa kikombe. "Shemeji, mtamu huu!" Akanywa vitatu. Hakwenda chooni hata mara moja! Mimi nikajificha nyuma ya gari, nikala gimbap mbili, zile roli za wali na mwani, pamoja na nyama ya nguruwe.

Nilibeua mara saba. Nimefungwa 21 kwa 4. Tak akatangaza kwamba wengine wakivurunda husemwa wamepika uji, ila kaka Pyo, yaani mimi, hata huo uji umemshinda. Mwalimu Guk alicheka mpaka filimbi ikamdondoka.

Mal-sun alilia njia nzima. Hilo limeniuma kuliko Jeju.

Jumatatu, 16. Ukungu.
Nimempigia magoti. Nimeapa sitagusa sufuria yake mpaka nife. Kanisamehe nusu.

Sasa naliona kosa langu. Uji ni laini mno, dawa ikaumaliza sufuriani kabla ya kufika tumboni kwa Tak. Mwezi ujao ukoo mzima unakuja kutengeneza kimchi, kabeji za kuchachusha kwa chumvi na pilipili, na Tak kaalikwa. Kabeji mia moja, ngumu! Tena zinakaa kwenye beseni. Beseni si sufuria.

Nimeagiza maboksi matatu.