Kiti cha Yaya Stanislas

Jumapili, 19 Novemba

Kampeni imeanza leo. Bukavu nzima imejaa sura za watu. Kila nguzo ina mgombea, kila ukuta una mgombea, hata mlango wa choo cha soko la Nyamugo una mgombea, naye anacheka. Sisi tumo! Yaya Stanislas, kaka yangu mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, anagombea ubunge wa mkoa. Mimi ni suppléant wake wa kwanza.

Niseme ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Suppléant ni yule anayekalia kiti mwenye kiti akifanywa waziri, au akichoka, au basi. Yaya ana miaka sitini na saba na kifua kibovu. Nusu ya mji inampenda kwa sababu ndiye aliyewafundisha kusoma. Mimi nina miaka hamsini na moja, afya tele, na sijawahi kupendwa na watu zaidi ya wanne kwa wakati mmoja. Ukituunganisha sisi wawili unapata mbunge.

Wazo ni langu. Nilimwendea mwezi wa Agosti, nikamwambia wananchi wanamlilia. Hakuuliza wananchi gani. Alinitazama muda mrefu, akasema sawa. Nilikuwa nimeandaa hoja kumi na mbili, nikatumia moja tu.

Suppléant wa pili ni Monique, aliyekuwa akifundisha darasa la tatu shuleni kwa Yaya. Wa pili. Nimehakikisha kwenye fomu kwa macho yangu.

Jumanne, 21 Novemba

Kalenda zimetoka kwa Hadji mchapaji. Nzuri mno! Juu picha ya Yaya, chini namba 163, kubwa kuliko kichwa chake. Namba ndiyo kila kitu. Kwenye mashine ya kupigia kura unaandika namba, sura inatokea, unathibitisha, umemaliza. Wagombea ni mamia. Nani atapekua kurasa zote hizo kumtafuta mzee mmoja?

Picha nimechagua ya zamani, ana miaka arobaini, mashavu yamejaa. Ya sasa inamwonyesha mgonjwa, na mgonjwa hapigiwi kura.

Monique akaniuliza namba nimeitoa wapi. Nikamjibu, kwenye orodha. Akauliza ni orodha ya muda au ya mwisho, kwa sababu kwenye ya mwisho baadhi ya namba zimebadilika. Nikamwambia nimeshahakiki, na kwamba hapa tunafanya siasa, si imla ya darasa la tatu. Sikuwa nimehakiki. Lakini Hadji alikuwa na nafasi wiki iliyopita tu, na anayetangulia kubandika ndiye anayepata ukuta. Yule mama ana wivu. Wa pili ni wa pili.

Jumamosi, 25 Novemba

Tumezunguka mtaa wa Cimpunda kwa miguu, kwenye zile ngazi za udongo. Yaya alisimama kila ngazi ya tano akisema anatazama mandhari. Amekohoa sana. Mungu anisamehe, nilianza kuhesabu.

Tatizo: hajui kuahidi. Pale juu ya korongo, ambapo mvua imekula nyumba mbili mwaka huu, watu walimwuliza kama atajenga ukuta. Mgombea mwingine yeyote angejenga ukuta, daraja na uwanja wa ndege papo hapo. Yaya akawaambia hawezi kuahidi ukuta, ila anaahidi kuuliza kila siku hadi wachoke naye. Nikataka ardhi inimeze. Watu wakapiga makofi! Siwaelewi watu.

Tulipokuwa tunashuka alinishika bega ili asianguke. Akaniuliza kama nakumbuka alivyokuwa akinibeba mgongoni kwenda misa Katana, kwa babu. Nikasema nakumbuka. Kisha nikamwuliza kama waziri anaweza kutoka shule za msingi. Akacheka hadi akakaa chini.

Jumatatu, 4 Desemba

Leo mtaa wa Panzi. Nimewafundisha kina mama wimbo. Mimi nasema: "Mwalimu wetu!" Wao wanajibu namba yetu kwa Kifaransa: "Cent soixante-trois!" Hata wasiojua kusoma wameshika namba vizuri kabisa. Bibi mmoja aliniambia anaiimba akitwanga majani ya sombe. Niliguswa. Nilijiona nimekaa ndani ya jumba la wabunge, miguu juu ya zulia, nikiunga mkono hoja.

Eulalie, mke wa Yaya, alinivuta pembeni. Akaniuliza kama vilima hivi vyote ni lazima. Nikamwambia taifa linadai. Akasema taifa halifui mashuka yenye damu. Nilikwenda kubandika kalenda nyingine, nikaibandika kichwa chini.

Jumatatu, 18 Desemba

Siku ya mwisho ya kampeni. Mvua tangu asubuhi. Nilisema tuahirishe. Kwa kweli nilisema hivyo, iandikwe! Lakini Yaya akasema amewaahidi watu wa korongo kurudi, na mwalimu hachelewi. Akasimama saa nzima kwenye tope, mwavuli umepinduka, akiwasikiliza mmoja mmoja na kuandika majina ya walioangukiwa na nyumba. Hakutaja kura hata mara moja. Ilibidi mimi nipaze sauti kila baada ya jina: cent soixante-trois!

Jioni midomo yake ilikuwa ya kijivu. Nilimfunika koti langu. Nilitaka kumwambia tuache. Nikamwambia tumebakiza siku mbili.

Jumatano, 20 Desemba

Sijui niandikeje.

Nimepanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nimefika kwenye mashine kifua mbele. Nikaandika 163. Ikatokea sura ya kijana mwenye tai nyekundu! Destin nani sijui. Simjui, sijawahi kumwona hata kwenye nguzo. Nikadhani mashine imekosea. Nikafuta, nikaandika tena. Yuleyule, anatabasamu. Nikapekua kurasa, moja baada ya nyingine, na nyuma yangu watu wanaguna. Yaya yuko pale. Picha ya sasa, mashavu yameingia ndani. Namba 149.

Mashine haikukosea. Nimekosea mimi.

Jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Afisa akaniambia nifanye haraka. Nikabonyeza kwa papara bila kuona kuwa ukurasa umerudi kwa 163, nikathibitisha, karatasi ikatoka. Nikaisoma. Destin.

Nimempigia kura Destin.

Nikatoka mbio nikipiga kelele kwenye foleni: cent quarante-neuf, wapendwa, cent quarante-neuf! Bibi wa Panzi hayupo huku, lakini wa kwetu wapo. Mmoja akaniambia nisijaribu kuwachanganya, wao ni watu wa Mwalimu, namba yao wanaijua. Wakaanza kuiimba. Polisi akanishika ukosi, akaniambia kampeni imekwisha juzi. Nimekaa kituoni kwao kwenye benchi kwa muda wa saa sita.

Yaya amepiga kura saa nne, Eulalie akimshikilia mkono. Wanasema alitoka akicheka peke yake. Maskini, hakujua.

Alhamisi, 21 Desemba

Karatasi ya matokeo imebandikwa nje ya chumba chetu cha kura. Namba 163: kura 208. Namba 149: kura 3. Nimeisoma mara nyingi, kama vile ingenionea huruma. Mmoja ni Yaya mwenyewe. Mmoja ni Eulalie. Wa tatu bila shaka ni Monique. Kumbe alikwenda kuitazama orodha ya mwisho!

Nimemkuta palepale. Nilijiandaa kwa matusi. Akasema tu alijua siku moja kabla ya kura, amechelewa, na aliombwa asilitaje popote, na nani hakusema. Akaniuliza kama nimekula. Heri angenitukana.

Jumatano, 10 Januari

Yaya yuko hospitali tangu Noeli. Anapumua kwa bomba. Amekuwa mwepesi, namwinua kwa mkono mmoja ili Eulalie abadilishe shuka. Yeye ndiye aliyekuwa akinibeba.

Kila siku ananiuliza kama matokeo yametoka. Kila siku nasema bado. Leo nimekaa kwenye ngazi za hospitali nikalia. Mlinzi akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, nalia siasa. Akasema anaelewa, na shemeji yake pia ameshindwa.

Jumatatu, 22 Januari

Matokeo ya mkoa yametangazwa redioni. Destin amechaguliwa. Wanasema hakufanya kampeni yoyote, alikuwa Kinshasa kwa matibabu ya jino. Wachambuzi wanasema ni nguvu ya vijana.

Nilikwenda hospitali nikiwa nimeamua kusema ukweli. Nilifanya mazoezi njiani. Nikaingia, akageuza kichwa, akaniuliza. Nikasema: "Yaya, umepita. Honorable!"

Limenitoka hivyohivyo. Eulalie akainamia beseni. Yaya akafunga macho kidogo, akatabasamu. Akasema basi, kile kiti ni changu sasa, maana yeye hatasimama tena. Akaniagiza nisisahau ule ukuta. Akasema nisiahidi, niulize. Kisha akanivuta karibu, akaniambia polepole: "Mudogo yangu, weye ulifanya kazi muzuri. Ule kijana wa cent soixante-trois naye, tumuombee, iko mutoto bado."

Sijui alijuaje kwamba namba hiyo ni ya kijana. Homa inamchanganya. Nilimpa maji. Yalimtoka pembeni mwa mdomo, nikampangusa kwa mkono wa shati.

Alhamisi, 25 Januari

Yaya amefariki asubuhi, saa moja na robo. Nilikuwa nimekwenda kununua mkate. Sina zaidi.

Jumamosi, 27 Januari

Tumemzika. Watu hawakuenea kanisani, wakajaa hadi barabarani. Wa korongo walikuja wote na tope miguuni. Bibi wa Panzi alikuja, akaniambia walimchagua kweli, na mbona redio haikumtaja? Alisema alipoona kijana mwenye tai kwenye mashine alidhani ndivyo Mwalimu alivyokuwa zamani, kama kwenye kalenda. Wengine wakatikisa kichwa kukubali. Nilitamani waniweke ndani ya kaburi na Yaya.

Baadaye, nyumbani, tulibaki na Eulalie tukipanga viti. Nikaanguka magoti. Nikamwambia yote: namba, kalenda, uongo wa hospitali. Hata kuhesabu kikohozi. Akasema anajua. Yaya alijua tangu kabla ya kura, Monique alimwambia. Siku ile alitoka chumba cha kura akacheka mpaka akakohoa, akamwambia: "Usimuambie mudogo, ataumia."

Na akasema jambo jingine. Daktari alimweleza Yaya mwezi wa Julai kwamba hatamaliza mwaka. Nilipokwenda Agosti na wananchi wangu wanaolia, alijua ninachotaka. Hakutaka ubunge hata kidogo. Alimwambia Eulalie kwamba tangu baba afe sijawahi kumwomba tufanye kitu pamoja, na kwamba kama ni mwezi mmoja wa kutembea na mdogo wake, kifua kitavumilia.

Nimelia kama sijawahi kulia. Nampenda Yaya wangu. Nilimpandisha kilima kwa ajili ya kiti, naye alikuwa anapanda kwa ajili yangu. Naapa mbele ya daftari hili: siasa basi. Nimekoma.

Jumatano, 31 Januari

Nimekwenda kwa Eulalie kurudisha masufuria ya msiba. Amekaa uani, bado watu wanakuja kumpa pole, mmoja baada ya mwingine. Wa korongo walimletea muhogo. Nimesimama mlangoni nikitazama. Wanamshika mkono kwa mikono miwili. Wanamwita Mama. Hata vijana wanainama.

Kusema ukweli sijawahi kuona mtu anayependwa namna ile.

Nilipokuwa nampelekea maji ya dawa niliona vidonge vyake. Presha. Nilimwuliza kwa upole, akasema inapanda sana tangu mwaka jana, daktari hafurahii.

Nilijitahidi kukaa kimya. Nilihesabu hadi ishirini. Kisha nikamwambia kwamba uchaguzi ujao hauko mbali, kwamba ukuta bado haujajengwa, kwamba Yaya angefurahi huko aliko, na kwamba mjane wa Mwalimu hahitaji hata picha. Nikasema mimi sitaki makuu. Suppléant tu. Wa kwanza.

Eulalie alinitazama muda mrefu, kama Yaya alivyonitazama Agosti. Kisha akaniomba nimsaidie kusimama, twende pamoja tukaone kaburi.

Hakusema hapana.