Nyumba ya Keturah Yaifuata Reli

Jumatatu, 1 Mei 1854

Reli inakuja Illinois! Mhandisi wake, Bwana Lathrop, yumo wilayani akichagua mahali pa stesheni. Mji wangu uko tayari, juu ya kilima changu. Nimeuandikisha kwa jina la marehemu mke wangu, Keturah. Una mitaa mingi kwenye ramani, na nyumba moja, yangu. Kwenye kilima cha ng'ambo ya kijito yupo Orrin Tuttle na mji wake. Duka moja, na hilo linavuja.

Sitaki utajiri. Nataka garimoshi lisimame, kondakta atoe kichwa nje na kupaza sauti: "Keturah! Keturah!" Tangu tumzike, jina hilo nalitamka mimi peke yangu, tena mbele ya kuku. Wale wachache waliosazwa na mbweha.

Jumanne, 2 Mei

Nimemkaribisha Lathrop chakula cha mchana. Shemeji Dorcas, dada yake Keturah, alioka pai ya tufaha. Mpango: mji uonekane una watu. Niliwasha mioto nyuma ya kichaka ili moshi ufanane na wa majiko mengi. Kichaka kikashika moto. Lathrop alisaidia kuzima. Mtu wa adabu sana. Akarudi mezani, akaongeza kipande cha pai, akasema hajapata kuona kilima kizuri kama cha Tuttle.

Cha Tuttle!

Jumatano, 3 Mei

Nimepata! Kama stesheni inakwenda kwa Tuttle, nyumba yangu itatangulia. Ubavu mmoja wa kilima chake bado ni ardhi ya serikali. Mwenye nyumba juu yake ndiye atakayeuziwa kwanza. Basi nyumba itawekwa juu ya magogo na kuvutwa na maksai wa Dorcas.

Dorcas alicheka mpaka akashika mlango. Alisema, "Shemeji, wenzako huhamia mjini. Wewe unauhamisha mji!" Amekubali, ila kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayewaswaga.

Ijumaa, 5 Mei

Nyumba inakwenda! Jiko linawaka humohumo, maana Dorcas hakubali kukosa kahawa. Mimi nilikaa ndani nimekumbatia kikombe cha bluu cha Keturah, kile kilichovunjika mkono. Alikuwa akinywa funda moja, anapiga mluzi, anakunywa tena.

Tukateremka kijitoni hadi kivuko cha Wapotawatomi, wenyeji wa asili wa hapa. Serikali iliwahamishia ng'ambo ya Mississippi kabla sijaja. Kila tulipopita hapo Keturah alikuwa akisema tunapita njia ya wenyewe.

Nikachungulia dirishani. Duka linakuja! Duka zima, juu ya magogo, na Tuttle kaketi barazani kama gavana. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema kwako, na wewe je? Nikasema kwako. Kumbe Lathrop alikula kwake pia, akakisifu kilima changu!

Hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Tukatitia topeni, dirisha kwa dirisha. Tuttle akaniita mwizi wa vilima. Nikamwambia paa lake linavuja. Dorcas akatuita ndama wawili, akafungua maksai, akaenda zake.

Jumamosi, 6 Mei

Bado topeni. Lathrop alifika na farasi wake. Akaona nyumba, duka na moshi, akafurahi sana. Alisema hatimaye kapata watu wenye akili: injini hunywa maji mengi, na stesheni lazima iwe kijitoni. Vilima je? Alisema mtu akishalishwa pai namna ile, lazima asifu kitu.

Akatoa kalamu, akauliza mahali hapa panaitwaje.

Mimi nilikuwa uvunguni mwa nyumba, nimeanguka kifudifudi, mdomo umejaa tope. Tuttle kasimama barazani, mkavu. Nikajua nimekwisha.

Akasema, "Keturah."

Lathrop akauliza ndiye nani. Tuttle akasema ni mama mmoja. Mwaka wa kwanza wa Tuttle hapa, homa ilipomlaza, mama huyo alivuka kivuko hiki kila siku na mchuzi wa kuku. Mumewe mpaka leo anadhani kuku wake waliliwa na mbweha.

Jumapili, 7 Mei

Kibao cha stesheni kitakuwa cheupe, herufi nyeusi. Nimelia kidogo, juu ya kikombe.

Lakini nimefikiri. Mtu hatoi mji bure. Tuttle ana lake jambo! Na baada ya ibada nimesikia mahakama ya wilaya itahamishiwa kaskazini, kwenye nyika ya juu. Ndilo hilo, anataka kuniwahi huko! Magogo yangu bado mazima. Nimemwambia Dorcas alete maksai kesho.

Akauliza kama yaliyonipata hayajanifunza kitu. Nimemjibu yamenifunza: safari hii hatupiti kijitoni.

Kuhusu kuku, Tuttle alikuwa na homa, hakumbuki vizuri. Nyayo za mbweha niliziona mwenyewe. Mtego wa mbweha nitauchukua safarini.